Runinga Iliyotundikwa Juu ya Moto

Habari za kifo cha mama yule wa Elerai zilinikuta Kisongo, nimekaa kwenye benchi nikisubiri fundi amalize kunifungia tairi. Aliyenipigia ni jirani yake, mama mwenye sauti kubwa ambaye siku zote huanza na utani. Safari hii alinisalimu kwa upole, akaniuliza kama nimekaa, kisha akasema mama yetu ametutoka alfajiri. Mtu mwenye akili zake angetoa pole na kuuliza mazishi ni lini. Mimi niliuliza, "Runinga imeanguka?" Jirani akanijibu taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Runinga gani tena, kaka?"

Nyinyi mnaonisoma hapa kila wiki mnanijua. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifika barabarani narudi nyumbani kuhakikisha gesi imefungwa, na nikiingia kanisani natafuta kwanza benchi lisilo na feni juu yake. Mke wangu husema siku nilipozaliwa niliuliza kama kitanda cha wazazi kina miguu yote. Lakini kwa habari ya ile runinga nilikuwa na sababu, maana nilikuwepo ilipofungwa, na tangu siku ile haikupita wiki bila kuiona moyoni mwangu ikimwangukia yule mama. Ndiyo maana swali lile lilinitoka kabla ya pole.

Kwa wasiomfahamu, marehemu alikuwa mshonaji. Watoto wengi wa mji huu wa Arusha walianza shule ndani ya kaptula na sketi zilizopita kwenye cherehani yake. Alizaliwa mlimani, upande ule wa Meru wenye migomba na kahawa, akashuka mjini kwa ndoa. Yeye na mumewe walipojenga Elerai, mume alitaka gereji kubwa, yeye akataka moto sebuleni, ule moto wa ukutani ambao wengi hapa wanauita fayaplesi. Alikulia kwenye nyumba ambayo moto ulikuwa katikati na watu wakiuzunguka, na hakuona sababu ya kuuacha eti kwa kuwa amehamia mjini. Waashi wakamjengea kwa mawe meusi ya mlimani, na dohani ikapanda ndani ya ukuta mpaka juu ya bati. Majirani walicheka, wakasema sasa mama anaishi Ulaya. Kisha Juni ikaingia, mawingu yakakaa juu ya mlima yakakataa kuondoka, na waliocheka ndio waliotangulia kubisha hodi.

Pale kwake palikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta kwingine. Hukuwa unakwenda mikono mitupu, lakini hukupeleka sukari wala sabuni. Ulipeleka kuni moja. Wengine walileta matawi ya mibuni iliyozeeka, wengine kipande cha mgrevilea kutoka shambani kwa shemeji, na mwalimu mmoja aliwahi kuja na mguu wa kiti kilichovunjika. Unamwamkia, unaweka kuni yako pembeni ya moto, ndipo unaonyeshwa pa kukaa. Yeye alikuwa akiipokea shikamoo yako kwa kukushika mkono kwa mikono yake miwili, na mikono ile ilikuwa na joto la mtu aliyetoka kushika kikombe cha chai. Mimi sikuwa ndugu yake wala jirani wa ukuta kwa ukuta. Nilikuwa mtu wa kupita tu, lakini safu nyingi mlizosoma hapa zilianzia mbele ya moto ule.

Nakumbuka ndugu wawili wa mtaa ule waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa kiwanja cha baba yao. Kila mmoja alipoona mwenzake yupo, aligeuza na kuondoka. Jioni moja mama aliwaita wote wawili bila mmoja kujua habari ya mwenzake, na walipofika hakusema neno juu ya kiwanja. Alisema tu moto unamfia, mgongo wake unauma, hawezi kuinama. Wakapiga magoti wote wawili kuupuliza, majivu yakawarukia, wakapaliwa na kuanza kukohoa, na mmoja akacheka bila kupenda. Kiwanja chenyewe kiliwachukua muda mrefu kukimaliza, lakini salamu zilirudi jioni ile.

Mumewe alifariki, watoto wakaenda mbali. Binti yuko Dar, kijana yuko nje ya nchi. Sitaki mtu awaseme vibaya watoto wale, kwa sababu hofu yao ilikuwa ya kweli. Mama anazeeka, analala peke yake, akiteleza bafuni nani atajua? Walitaka wamwone kila mara, naye awaone wajukuu. Wakanunua runinga kubwa yenye kamera, na pamoja nayo stendi ya aina ambayo sikuwahi kuiona. Ukuta mmoja wa sebule ile una mlango na kabati la vyombo, kuta mbili zina madirisha, na wa nne ndio ule wa moto. Juu ya moto ni juu sana, ungetazama mpaka shingo ivunjike. Kwa hiyo stendi ile ina mikono ya chuma. Ukiivuta, runinga inatoka ukutani na kushuka mpaka usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Ukimaliza unaisukuma, inarudi juu.

Mama aliniomba niwepo siku ya kufunga. Alisema, "Njoo uulize maswali, ndiyo kazi yako." Fundi alitoka Themi, kijana mchangamfu mwenye drili mpya na pima maji ya rangi ya njano. Alianza kwa kuugonga ukuta kwa vidole, na mimi nikasikia mlio ukibadilika: hapa mzito, pale mtupu. Tundu la kwanza lilizama lote ndani ya dohani, na masizi yakamwagika juu ya vitambaa vyeupe vya makochi. Nikasema basi, tuache. Fundi akacheka, akasogea pembeni kwenye mawe yaliyoshiba, akatoboa upya na kuingiza boliti ndefu kama kidole cha shahada. Alipomaliza kuzikaza aliishika stendi kwa mkono mmoja, akakunja miguu na kuning'inia nayo huku mkono wa pili ukitafuta ujumbe kwenye simu.

"Mzee, hii haianguki," alisema. "Nyumba itaanguka kwanza."

Maneno yale hayakunisaidia hata kidogo. Niliuliza juu ya uzito, juu ya tetemeko, juu ya jiwe kupasuka. Nilimwambia mama asikae chini yake wakati wa kuivuta. Yeye muda wote alikuwa kimya kwenye kiti chake, na alipofungua mdomo alikuwa na swali moja tu. Akauliza, "Na moto?"

Fundi akamweleza vizuri, sina lawama naye. Runinga ikishushwa inasimama mbele kabisa ya mdomo wa moto, kwa hiyo wakati huo moto usiwake kamwe. Ikiwa juu, joto linalopanda litaiharibu kidogo kidogo, labda ijengwe rafu ya jiwe katikati, ya kulisukuma joto mbele. Rafu hiyo ni kazi ya mwashi. Binti alikuwa akitusikiliza kwenye simu kutoka Dar, akasema rafu wataijenga wakija Krismasi. "Kwa sasa usiwashe tu, mama."

"Sawa, mwanangu," mama akajibu.

Wote tukaridhika, chai ikaletwa, vitambaa vikaenda kufuliwa. Krismasi ikafika na watoto wakaja kweli, na nyumba ikajaa masanduku na wajukuu. Lakini mnajua Desemba ya Arusha ilivyo. Jua kali, watu wanalala madirisha wazi, nani atakumbuka rafu ya moto? Wakaondoka. Miezi ikapita, na Juni ikaingia tena kama kawaida yake.

Niliendelea kupita pale, na sikuwa mgeni mzuri. Nilichagua kiti cha mbali kabisa na ukuta, nikazikodolea macho zile boliti. Mama aliifunika runinga kwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya pembeni, kama anavyofunikwa mtu aliyelala. Hakuiwasha ovyo. Jumapili baada ya ibada aliifunua, akaishusha kwa mikono miwili kama anavyoshushwa mtoto kutoka mgongoni, na mimi nilishikilia pumzi mpaka itulie. Kisha nyuso za wajukuu zilitokea, kubwa kuliko za watu, na yeye alicheka hadi machozi. Chini ya runinga, kwenye mdomo wa moto, alikuwa ameweka chungu cha maua ya plastiki. Watu walipungua. Hakuna aliyesusa, ila bila kuni mtu hakujua aingie na nini. Walisalimia wakiwa wamesimama mlangoni, wakaenda zao.

Mara yangu ya mwisho ilikuwa jioni ya ukungu. Mama alikuwa amevaa koti la marehemu mumewe humo humo ndani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, nayo ilikuwa ya baridi, nikadhani ametoka kuosha vyombo. Nilimuuliza kama zile boliti zimewahi kulia wakati anavuta. Akacheka, akasema nitakufa na wasiwasi wangu.

Basi nilipofika msibani nilitangulia kutazama juu. Runinga ilikuwa mahali pake, imefunikwa, haijahama hata upana wa ukucha. Nikaambiwa ni mapafu. Mama alikohoa siku kadhaa, akapelekwa hospitali amechelewa. Sisemi baridi ndiyo iliyomuua. Mimi si daktari, na wazee wenye moto nao hufa. Lakini nilikaa kwenye sebule ile iliyotolewa makochi, juu ya mkeka, nikasikia ubaridi wa sakafu ukinipanda mpaka kiunoni, na kwa mara ya kwanza nikaacha kuzitazama boliti.

Wazee wa mlimani walianza kufika mchana, nguo zao zikiwa na umande. Sijui kama walikubaliana. Kila aliyeingia alikuwa na kuni moja. Waliziweka karibu na mlango, maana pembeni ya moto palikuwa na maua ya plastiki, na lundo likakua mpaka wapishi wakataka kuzichukua kwa ajili ya sufuria za nje. Binti wa marehemu, aliyeingia kutoka Dar asubuhi ile, akauliza hizi kuni ni za nini. Yule jirani wa sauti kubwa ndiye aliyejikaza, akazungumza polepole.

"Mwezi uliopita nilimwambia mama yako, washa moto kidogo, TV ni kitu tu, kitanunuliwa kingine. Akaniambia, 'Wajukuu wangu wako mle. Nitawashaje moto chini yao?'"

Binti hakulia wakati ule. Aligeuka akamtafuta fundi wa Themi, ambaye alikuwa amekuja kutoa pole na amekaa nje na vijana wenzake, akamwomba aishushe runinga. Fundi akaingia, akavua kofia, akafungua. Runinga ikatoka, ikaenda kulazwa kitandani chumba cha pili, lakini boliti zilikataa. Alizizungusha mpaka jasho likamtoka, nazo zikabaki pale pale zimeng'ang'ania jiwe. Binti akasema ziache. Akayatoa maua ya plastiki kwa mkono wake mwenyewe, akapiga magoti na koti lake la safari, na kuni za wazee zikaanza kuingia moja moja. Moshi ulisitasita, kisha ukaikumbuka njia yake. Wazee wakasogeza mikeka bila kuambiwa.

Nimewaza sana tangu siku ile. Kile nilichokiogopa kuliko vyote ndicho kilichokuwa kimefungwa imara kuliko vitu vyote vya nyumba ile. Mji wetu unajaa kamera na skrini zinazotuonyesha wazazi wetu wakitabasamu Jumapili, na ni vitu vizuri, sina ugomvi navyo. Sura ya mama ilifika Dar na ng'ambo ikiwa safi, kila unyoya wa nyusi ukionekana. Lakini baridi haionekani kwenye kioo. Mzazi aliyeambiwa asiwashe moto atasema sawa, atavaa koti, atatabasamu mbele ya kamera, kwa sababu anawapenda waliomo ndani yake.

Wasiwasi wangu haujaisha, umehama tu. Juzi nilipanda kwenda kumwona mama yangu mzazi, na kwa mazoea macho yalitaka kukimbilia nyaya na misumari. Nikayazuia. Nilimwamkia, nikaikamata mikono yake na kukaa nayo, mpaka akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia sina. Nawe unayesoma, ukifika kwa mzazi wako wiki hii, usiishie kumtazama. Mshike mikono, usiiachie haraka, na ikiwa ya baridi usijiambie ametoka kuosha vyombo.