Utepe wa Kijani Mwaloni

Juzi nilikuwa Bukoba kwa likizo fupi, nikateremka mwaloni Nyamkazi, pale boti za ziwani zinapotia nanga, kununua dagaa wa kurudi nao Dar. Muuzaji, kijana mchangamfu, alipomaliza kushona mdomo wa gunia alichomoa kalamu nene ya wino nyuma ya sikio akaniuliza, "Niandike namba gani ya simu, dada?" Swali jepesi kabisa. Nikabaki namtazama mpaka akadhani sikusikia, akarudia. Siku hizi, ndugu yangu, magunia yana namba za simu. Sisi tulikua yakiwa na vitambaa.

Ngoja nikueleze. Mama yangu alikuwa mchuuzi wa dagaa. Alipanda boti la mbao la injini, akavuka kwenda Goziba, kisiwa cha wavuvi upande wa Muleba, akakaa huko akinunua na kuanika mpaka mzigo utimie. Kule watu wametoka kila pembe ya ziwa, nusu yao hawajuani majina, na wino wa wakati ule ulifutwa na wimbi la kwanza. Kwa hiyo kila mwanamke alichana utepe kwenye khanga au kitenge chake, akafungia magunia yake. Boti likifika, wapagazi hawakuuliza mzigo ni wa nani. Waliangalia utepe tu. Wa mama ulikuwa wa njano wenye madoa meusi. Pale nyumbani hukupata khanga iliyokamilika upindo, na ukitaka kuwajua watoto wa wachuuzi shuleni ungetazama tu khanga wanazojifunika asubuhi ya baridi.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alifanya kazi hiyohiyo. Utepe wake ulikuwa wa kijani. Alikuwa mcheshi, sauti yake ilimtangulia sokoni. Kwao ni Buganguzi, huko Muleba, na mjini hakuwa na mtu isipokuwa binti yake mmoja, rika langu, rafiki yangu. Baba yangu mimi sikumjua, wa kwake alikuwa ameondoka zamani. Mama zetu wakiwa kisiwani, tulilala wote wawili kwa bibi yangu, kitanda kimoja, tukigombania shuka.

Bibi alikuwa Mhaya wa Kashozi aliyesilimu ili aolewe na babu, ambaye wazee wake walitoka pwani. Ndugu zake walibaki na misa yao, lakini Idi ikikaribia walishuka mjini na mkungu wa ndizi na kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu nzuri ikiwa mbichi kisha ikaanikwa. Mwaka ninaousimulia, Ramadhani iliangukia kiangazi, wakati wa likizo ya Juni. Na kiangazi cha Bukoba, kama hukukiishi ukiwa mtoto, nakuhurumia. Nyasi za vilimani zimekauka, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sukari, na kahawa imeanikwa kila uwanja kiasi kwamba kuku wanafukuzwa kutwa. Watoto wa jamaa wanakuja kutoka Dar kupumzika, wanatembea ufukweni na ndala mpya wakiongea Kiingereza, na sisi tunawajibu kwa Kiingereza kibovu zaidi, maana watu wetu hawakubali kuzidiwa kwa kusoma. Tulicheza rede mchangani mpaka jua linainama. Tulikwenda kutazama ndege ikitua kando ya ziwa, tukiwapungia abiria tusiowajua. Tulifunga nusu siku, tukajisifu nzima. Adhana ya magharibi ilitukuta tumekwishakaa mkekani, macho kwenye uji wa pilipili manga na ndizi za bibi.

Jioni moja baada ya futari rafiki yangu alipasua tunda la kahawa kwa meno. Ndani ya kila tunda kuna punje mbili zimetazamana. Bibi alikuwa ametuambia kuwa wazee wa zamani, wakitaka kuwa ndugu, walichanja ngozi kidogo, wakapaka damu kwenye punje hizo na kila mmoja akameza ya mwenzake. Sisi wembe tuliuogopa. Tukatumia mate. Nilimeza ya kwake, naye akameza ya kwangu, na bibi akacheka mpaka ushungi ukamteleza.

Mama alikuwa ametuma salamu kwamba angefika kabla ya Idi. Bibi akatukatia kitambaa kimoja, magauni mawili ya kufanana, akampelekea fundi cherehani wa barazani. Kisha upepo ukaanza. Wenyeji wa ziwa wanaujua huo upepo wa kiangazi, unatoka kusini, na ziwa linageuka rangi. Bibi alikuwa anatoka nje kila mara, anatazama migomba inavyochanika majani, anarudi ndani. Tulipiga simu ya mama, tukapiga ya jirani. Mwanamke yule wa kwenye simu akatuambia kwa adabu yake yote kuwa hawapatikani. Kule kisiwani mtandao ulikuwa wa kubahatisha hata hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa hiyo tulijipa moyo.

Habari ilitukuta ufukweni. Tulikuwa tunacheza, mpira uko mkononi mwangu, nikaona watu wazima wanakimbia kuelekea mwaloni. Watu wazima wa Bukoba hawakimbii ovyo. Boti kutoka Goziba lilikuwa limepinduliwa na mawimbi. Waliookolewa, ilisemekana, walipelekwa kwenye mialo ya Muleba, lakini nani na nani hakuna aliyejua. Boti za namna ile hazikuandika abiria. Wavuvi waliokuwa wanarudi mjini walikuwa wameokota mizigo iliyoelea, wakaipanga mchangani inachuruzika maji, na wanawake walikuwa wanapita wakiinama gunia baada ya gunia.

La tatu au la nne kutoka mwisho lilikuwa na utepe wa njano wenye madoa meusi.

Sikulia. Nilikaa juu ya lile gunia, likanilowesha, na nakumbuka nilikuwa nawaza kuwa dagaa wameharibika na mama atakasirika. Mwanamke mmoja nyuma yangu akashika kichwa akalia kwa Kihaya, "Mawe! Mawe!" yaani mama, mama, na wengine wakapokea. Utepe wa kijani haukuwepo mahali popote, tuliutafuta wote. Ikaeleweka, pasipo mtu kusema, kuwa mama yangu alikuwa ndani ya boti na jirani alikuwa amebaki Goziba.

Tulipofika nyumbani majirani walikuwa wamekwishaanza kuleta mikeka. Bibi alisimama mlangoni akiwa ameshika mwiko. Mzee mmoja wa msikitini akamwambia kwa upole, "Mama, tumshukuru Mungu kwa kila hali. Mzigo wake umeonekana."

"Mzigo nimeuona, waitu," bibi akasema, kwa adabu ya Kihaya. "Mmeniletea gunia. Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, boti limezama."

"Nimesikia. Aliyemwona mwanangu majini aje anieleze mimi. Kama hayupo, kunjeni mikeka yenu, nina futari jikoni."

Wakakunja. Bibi akageuka, akatuambia twende kwa fundi tukapimwe magauni, kana kwamba ilikuwa siku kama nyingine. Tukaenda. Fundi alinipima mabega mara mbili, macho yake hayataki kukutana na yangu, kisha akamwita rafiki yangu, akampima haraka na kumtania kuwa anarefuka kama mgomba.

Hivyo ndivyo zilivyokwenda siku za mwisho za ile Ramadhani. Mimi nilipewa kila kitu. Barafu za ubuyu bila kulipa, vipande vikubwa vya sato, mikono ya wanawake kichwani mwangu. Rafiki yangu hakuna aliyemwangalia, ya nini, mama yake si yuko salama kisiwani? Usiku bibi alisali kwa muda mrefu, na nilikuwa namsikia akimtaja mama kwa jina lake la utotoni, lile la Kihaya. Simu iliendelea kutujibu vilevile. Kutoka Muleba kulikuja maneno ya kila aina, kwamba mwanamke mmoja ameokolewa, kwamba ni mwanamume, kwamba ni watatu na wote ni Wakerewe.

Nitakwambia ukweli, nilimwonea rafiki yangu wivu mpaka kifua kikauma. Naye nadhani alijua. Jioni moja alinisogelea pale mkekani, akatoa tunda la kahawa, akalipasua, akanipa punje moja. Akasema taratibu ili bibi asisikie, "Mama yangu akija, atakuwa wetu wote wawili. Nitamwambia. Hatakataa." Nikaimeza ile punje pamoja na machozi. Katika watu wote waliojaribu kunifariji, ni yeye peke yake aliyenipa kitu ambacho kilikuwa chake.

Siku moja kabla ya Idi upepo ulitulia. Mjini watu walikuwa wanabishana kama mwezi utaonekana, redio zote ziko wazi, harufu ya vitumbua kila uchochoro. Alasiri tukasikia kuwa boti la Goziba linaingia. Bibi akajifunga khanga, akatushika mikono, mmoja huku na mwingine huku, tukateremka mwaloni.

Mwaloni kuna desturi, mizigo inatangulia kushuka ili boti liwe jepesi lisogee nchi kavu, abiria wanafuata. Wapagazi wakaingia majini mpaka kiunoni. Gunia la kwanza lililokuja begani lilikuwa na utepe wa kijani. La pili, kijani. La tatu, kijani.

"Mama!" rafiki yangu akapiga kelele. "Mama yangu kaja!"

Akajichomoa kwenye mkono wa bibi, akakimbia na viatu vyake majini, akalikumbatia gunia lililokuwa bado begani kwa mpagazi. Mpagazi akacheka, akainama ili asimwangushe. Mimi nilibaki nimesimama. Niliutazama ule utepe wa kijani, nikajua kwamba kwangu mimi mambo yamekwisha.

Kisha nikamwona mama. Alikuwa anashuka ubavuni mwa boti akiwa amepandisha khanga yake ya njano, amekonda, uso umeungua kwa jua. Bibi alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, akakaa chini mchangani palepale. Mimi sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka harufu ya dagaa na moshi kwenye shingo ya mama, na jinsi nilivyomng'ang'ania mpaka akaniambia ninamuumiza. Alikuwa anacheka, anashangaa, "Kuna nini? Mbona mnalia? Si nilisema nitafika kabla ya Idi?" Kisiwani walikuwa hawajapata habari yoyote.

Halafu akatazama huku na huku, juu ya kichwa changu.

"Na mwenzangu yuko wapi? Alifika salama? Boti lilikuwa limejaa, nikampa nafasi yangu. Mtoto wake anamsubiri na nguo ya Idi, nikamwambia nenda, nichukulie na hili gunia langu lililo tayari, dagaa wako wakikauka nitakuja nao mimi."

Rafiki yangu alikuwa bado ndani ya maji, mkono mmoja umeshika utepe wa kijani, anatazama watu wanaoshuka. Walishuka wote. Akaendelea kutazama boti tupu.

Mwezi ulionekana usiku ule. Asubuhi takbira zilisikika mji mzima, na bibi akatuvalisha magauni yetu ya kufanana kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Jirani hakupatikana. Mjomba wa rafiki yangu alikuja kutoka Buganguzi siku chache baadaye. Mama alimpigia magoti, ndiyo, mbele ya watu, akamwomba amwachie mtoto. "Shemeji, niachie nimlee. Ni wangu huyu." Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba mtoto ana kwao. Kabla ya kuondoka rafiki yangu alifungua tepe zote za kijani kwenye magunia, nyingine kwa meno, akaziweka kwenye mfuko wa gauni la Idi. Nilitaka kumwambia maneno yale aliyoniambia yeye mkekani. Lakini mama alikuwa amekwishayasema, na hayakusaidia kitu.

Mama hakurudi tena Goziba. Bibi ametutoka, fundi amehama, nyumba ya jirani imevunjwa na pamejengwa fremu za maduka. Ufukweni watoto bado wanacheza kiangazi, ila muziki wa mahoteli ni mkubwa kiasi kwamba huwasikii.

Juzi niliporudi nyumbani na lile gunia, mama aliinama akaushika mdomo wa gunia, akaisoma namba ya simu. Nikamweleza mpango wangu, mimi napanda ndege, gunia nalituma kwa basi. Akanyanyuka.

"Gunia na mwenyewe wanasafiri pamoja," akasema. "Kama huwezi, liache hapa."

Sikubishana naye. Tiketi ya ndege nikaiacha ipotee, nikapanda basi alfajiri, gunia miguuni, na baba wa kiti cha pembeni akaziba pua kabla hatujatoka stendi. Basi liliposimama Muleba wanawake walikuja madirishani na ndizi mbivu na karanga. Nikafungua kioo, nikawatazama mmoja mmoja wale wa rika langu, uso na kisha mfundo wa vitambaa vyao vichwani kutafuta kijani, kama ninavyofanya kila ninapopita hapo. Wakadhani nachagua ndizi.