Mnara wa Baba

Baba alikuwa na siku moja tu ya kuitembea Guangzhou kwa miguu, na mimi niliila. Nasema hivyo bila kujipamba, kwa sababu dada zangu wakikaa na wageni hupenda kusimulia jinsi nilivyompeleka mzee China. Wageni hunitazama kwa heshima, nami huinuka kwenda kuangalia chai jikoni.

Mzee alifundisha jiografia sekondari, Tanga, maisha yake yote ya kazi. Alikuwa akiichora China ubaoni bila kutazama kitabu. Alianzia juu kulia, akateremka na pwani, na akifika kusini aliweka nukta akaandika Kantoni, jina la kale la Guangzhou, maana vitabu vyake vilikuwa vya zamani. Mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka wowote zaidi ya Horohoro. Alipostaafu macho yakaanza kumwacha. Presha ya macho, walisema hospitalini. La kushoto liliondoka mapema. La kulia likabaki linaona kwa tundu jembamba, tena mchana tu. Jua likishuka, mtu anayezungumza naye alikuwa kivuli chenye sauti. Daktari alitwambia hata hicho kitundu kitaziba, ila hakusema lini.

Ndipo akanipigia simu dukani kwangu Kariakoo, ninakouza vifaa vya mafundi cherehani: vifungo, zipu, lesi, lastiki.

"Mama," aliniambia, maana mimi nina jina la mama yake, "safari yako ijayo nichukue. Nataka niutembee ule mji kwa miguu. Kuna msikiti wa zamani sana pale, una mnara ambao zamani walikuwa wakiuwashia taa meli zikiingia mtoni. Nimewafundisha watoto habari zake miaka yote na sijauona. Nikishauona, jicho likifunga, lifunge."

Nikamwambia hilo dogo. Wakati huo nilikuwa nimeshakwenda Guangzhou mara nyingi kiasi kwamba pasipoti yangu ya pili ilikuwa inajaa. Masoko ya Zhanxi na Shahe ningekuchorea nimefumba macho: ngazi ipi ina mteremko wa mikokoteni, choo kipi kina maji, nani anapunguza bei asubuhi na nani jioni. Huo mnara anaousema sikuwahi kuuona, wala sikuwahi kuuliza uko mtaa gani.

Tulikuwa na siku tisa. Siku nane za mwanzo baba alikaa hotelini, mtaa wa Xiaobei, kwenye kiti karibu na dirisha. Kila asubuhi nilimkuta amevaa kanzu safi na viatu vya kutembelea, kofia iko gotini.

"Leo?" anauliza.

"Kesho, baba. Leo kuna mzigo unafungwa."

Hakununa. Alivua viatu akavipanga chini ya kitanda. Siku moja nilimpeleka Zhanxi, nikijidanganya kwamba na huko ni kutembea, na mkokoteni wa mabunda ukampiga kwenye kifundo cha mguu kabla hatujafika hata duka la kwanza. Nikamrudisha kwa teksi. Kwa hiyo ikabaki siku ya tisa, na ndege yetu ilikuwa alfajiri ya siku ya kumi.

Siku hiyo tuliianza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Tuliteremkia Shamian, kile kisiwa kidogo chenye nyumba za Wazungu wa zamani na miti mikubwa, na baba akatembea kama mtu aliyerudishiwa umri. Mikono nyuma. Alikuwa akikifikia kitu karibu kabisa, kisha anageuza kichwa upande kama kuku anayetazama punje, mpaka kile kitu kiingie kwenye tundu lake. Alivisoma vipini vya milango. Aliniambia meli zilifunga wapi na mto unatoka wapi, na aliponiuliza unamwagika wapi nikajibu vibaya, akacheka sana.

"Umekuja huku mara zote hizo," alisema, "hujui hata mto wanauita nini."

"Najua unakunywa vifaa vyote vinavyoanguka kutoka kwenye boti, baba."

Kutoka hapo tukafuata mtaa wenye vibaraza vilivyofunikwa, tukapita kanisa la mawe lenye minara miwili. Akasimama mbele yake kwa muda mrefu, akinieleza jinsi mawe yanavyobebana. Saa nane mchana tulikuwa tumebakiza kama dakika ishirini za mwendo kufika msikitini. Jua lilikuwa zuri, hakuna mvua.

Ndipo nikaviona vifungo.

Lazima nieleze tabia yetu, ingawa haiwezi kunitetea. Sisi wa biashara ya China hatusemi "nitarudi". Sampo, yaani mfano wa bidhaa, uliyoiona leo, kesho mwenzako wa Kampala ameshaifungia oda, au laoban, yaani mwenye duka, ameshabadilisha mzigo. Ukiona, unaingia. Na ukiwa na mtu, yeye hubaki mlangoni na mifuko, kwa sababu ndani ya vile viduka hakupitiki. Hakuna aliyekaa akatufundisha haya, lakini mwenzako akikuona unapita duka lenye sampo nzuri bila kuingia, atakuuliza kama unaumwa.

Nilimwombea baba kiti kidogo cha plastiki, nikamweka mlangoni, nikampakatisha mifuko miwili. "Dakika tano," nikamwambia.

Laoban hakuwa na rangi niliyoitaka. "Mei you," hakuna, alisema, lakini shemeji yake duka la tatu anayo. Shemeji yake akaja nayo, ila saizi ndogo. Akapiga simu kiwandani. Kiwanda kikaahidi kuleta kadi za sampo kwa pikipiki, nisubiri kidogo. Nilisubiri. Nilikaa kwenye kigoda, nikanywa chai yao, nikabishana, nikapiga picha, nikatuma Dar, nikasubiri jibu la Dar. Mara mbili nilichungulia nje nikamwona baba amekaa vilevile, mifuko gotini, uso umeelekea ukuta wa duka.

"Maliza kazi yako, mama," alisema mara ya kwanza.

Mara ya pili alisema, kwa upole kabisa, "Jua linashuka."

Na mimi, niliyekuwa na simu mkononi na laoban anayenipigia kelele kutoka ndani, nikamjibu, "Baba, mimi sikuja kutalii."

Hayo maneno niliyasema kwa baba yangu. Alisogeza mifuko kidogo ili isianguke.

Tulipotoka pale taa za maduka zilikuwa zimeshawashwa. Nilimshika mkono nikamkimbiza, nikimpitisha kati ya baiskeli na watu wanaotoka kazini, na yeye akijikwaa kwenye kila ukingo wa njia bila kulalamika. Mnara nikauona ghafla juu ya ukuta: wa mviringo, mweupe uliofifia, mpana chini, na mwembamba kule juu kabisa. Mbingu nyuma yake ilikuwa ya kijivu, karibu kulingana nao rangi.

"Ule pale, baba."

Akainua uso. Aliuinua kuelekea jengo la jirani, lenye nguo zilizoanikwa kwenye madirisha. Nikamgeuza bega taratibu, naye akakaa hivyo kwa muda, kichwa upande, akitafuta. Kisha akasema tuwahi Magharibi. Aliingia na wanaume, mimi nikaenda upande wetu, na katika sala ile nilimwomba Mungu anifanyie wepesi katika jambo ambalo wepesi wake nilikuwa nao mwenyewe tangu saa nane.

Alipotoka nikamuuliza, "Umeuona?"

"Nimeuona."

"Ukoje?"

"Mrefu," akasema.

Mtu huyu angeweza kukueleza kilima kimoja cha Lushoto kwa saa nzima, na kesho yake akakirudia kwa sababu kuna kitu alikisahau. Nilielewa palepale. Nikasema alhamdulillahi, nikaita teksi.

Msimu uliofuata tundu lilikuwa limeziba. Baba akazoea mapema kuliko sisi. Alihesabu hatua za kwenda msikitini kwake, akatambua wajukuu kwa namna wanavyofungua mlango. Jioni moja nilikuwa kwake Tanga nikikunja nguo, nikasikia wajukuu wakimuuliza barazani, "Babu, China uliona nini?"

Nilitegemea awaambie kisiwa, au lile kanisa. Akawaambia vifungo.

Aliwaambia ukutani palikuwa na kadi nyeusi, na juu ya kadi vifungo vya kahawia vyenye michirizi ya njano kama gamba la kasa, matundu manne, mistari mitano, kila mstari vifungo sita, isipokuwa wa tatu kutoka chini ambao ulikuwa na vitano, na pale palipokosekana kimoja palibaki uzi. Chini yake kadi ya vifungo vya lulu ya bandia. Pembeni yake zipu za kijani. Aliwaeleza jinsi mwanga wa mchana ulivyoviingia vile vya kahawia mpaka vikawa kama asali, halafu ukapungua, ukapungua. Watoto walicheka kwamba babu alipanda ndege kwenda kuangalia vifungo. Na yeye akacheka nao. Mimi nilikaa kitandani na shati la mtu mkononi, nikaona aibu ambayo bado sijaizoea.

Safari yangu ya mwisho nilijitengea asubuhi nzima. Nikaenda peke yangu msikitini, jua limeshatoka vizuri, nikampigia simu.

"Baba, nipo chini ya mnara. Nikueleze?"

"Nieleze."

Nikaanza, na nikagundua kwamba sijui kueleza kitu. Nilisema ni mweupe, lakini si mweupe wa dukani, ni ule unaoelekea krimu. Nilisema urefu wake ukitandaza jora la kitambaa linaweza lisitoshe. Nilisema hauna mshono. Mwishoni nikasikia anacheka kwa pua.

"Inatosha, mama. Sasa nifanyie jambo moja. Nenda pale kwa vifungo. Niambie ile kadi kama bado ipo."

Sikukata simu. Nilirudi kwa miguu njia ileile tuliyokuja mbio, nikiwa na simu sikioni, yeye akisikiliza pikipiki na watu. Nilifika mlangoni. Duka lilikuwa limebadilika, ukuta mzima umejaa makava ya simu, na kijana mwenye duka alipoona nimesimama akanikaribisha, "Pengyou," rafiki, njoo ndani.

Ingekuwa rahisi kusema ipo. Angefurahi, nami ningekwenda kula. Nilisimama pale pale kilipokuwa kiti chake cha plastiki.

"Haipo, baba. Wanauza makava ya simu."

"Na mimi," akasema, "mnara sikuuona."

"Najua, baba."

"Nilijua unajua."

Mtu wa mkokoteni alinipigia kelele nimpishe, nikajibana ukutani. Nilimwambia baba anisamehe, na kwamba nilikuwa naye saa nne nzima za mwanga mlangoni hapa nikazitupa. Hakusema si kitu, wala hakusema amenisamehe. Alivuta pumzi kama alivyokuwa akifanya darasani mtu akikosa jibu.

"Rudi kule," akasema. "Anzia chini. Jiwe la kwanza lina rangi gani?"