Taa za Sufuria Kumi na Moja

Mtaani walimwita Mama Taa, na hakukasirika, maana alishawahi kuitwa vibaya zaidi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, mwenye kutumia mkono wa kushoto, mwenye mdomo usio na breki, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kupita uwanja wa mitumba bila kurudi na kitu ambacho mwenye nacho alishakitupa. Chujio lililong'oka mkono, birika lisilo na mdomo, kikapu cha waya kilichopinda, vyote yeye aliviona taa. Alitoboa, akasugua, akapitisha waya, akafunga holda na balbu, na kibaraza kilichokuwa pango la popo kikageuka mahali pa watu kukaa na kuzungumza. Waliomcheka mwanzoni, wakimwuliza lini atatundika ndoo ya kuogea, ndio waliokuja baadaye kupanga foleni. Ndoo ya kuogea nayo aliitundika, kwa kinyozi, na mpaka leo inawaka.

Wiki ile hakuwa na kazi ya mteja. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa anahamia kwake Jumamosi. Macho ya dada yalikuwa yamefika mwisho. Madaktari walijaribu wakashindwa, na sasa aliona mwanga na vivuli tu. Kibaraza cha Mama Taa kilikuwa na ngazi tano, ya tatu imemeguka, naye aliapa kwamba dada yake hatajikwaa hata mara moja. Alitaka taa tano za chini, moja kwa kila ngazi, zining'inie kwenye mkono wa ngazi pale mtu anaposhika, na nyingine sita juu ya kibaraza. Jumla kumi na moja, zote za aina moja, maana kwa dada hataki viraka.

Alhamisi akaenda kwa Bei Moja, muuza vyombo chakavu, ambaye aliitwa hivyo kwa sababu kila kitu chake kilikuwa na bei tatu. Bei Moja akamtolea gunia. Ndani mlikuwa na sufuria ndogo za alumini, nzito, za zamani, zimepakwa rangi nyeusi chini. Mama Taa akazihesabu. Kumi na moja.

"Mungu ana macho," akasema.

"Na mimi nina watoto," Bei Moja akajibu, akataja bei ya kwanza.

Ijumaa asubuhi akakaa kibarazani na nyundo, msumari na ndoo ya mchanga mbichi. Kazi ya kutoboa sufuria ina adabu yake. Kwanza unaijaza mchanga na kuushindilia, ili bati lisibonyee, halafu unaipindua. Ubavuni unatoboa matundu madogo ya kutoa mwanga. Waya hupita katikati ya kitako, kwa hiyo kitako lazima kisuguliwe mpaka alumini ionekane, usije ukatoboa penye ufa. Akachukua msasa, akaanza kusugua ile rangi nyeusi huku akiimba.

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Chini ya rangi palikuwa na nukta tatu zilizopigwa kwa msumari, na chini ya nukta mstari mfupi, umelalia kushoto. Akalowesha kidole mate akafuta vumbi. Nukta tatu, na mstari. Akaangalia mkono wake wa kushoto, akaangalia sufuria. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeandika hivyo. Alama ile aliipiga mwenyewe, miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye vyombo vya jiko la chuo alikokuwa mpishi, mkuu wa jiko alipomwagiza atie alama ili vyombo visipotee.

Na vikapotea. Sufuria kumi na mbili zilitoweka stoo kwa mara moja. Waliofukuzwa walikuwa wawili, siku moja, barua moja: mpishi na mtunza stoo. Tangu siku hiyo Mama Taa alijua mwizi ni nani. Alijua kama anavyojua jina lake. Funguo alikuwa nazo mtunza stoo, nani mwingine? Yule mtu alipofungua meza ya kuchonga funguo mwisho wa mtaa, na watu wakamwita Bwana Funguo, Mama Taa alipita nyumba kwa nyumba. "Mwizi mmempa funguo za mtaa mzima," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako." Ndani ya miezi miwili hakuna aliyempelekea hata ufunguo wa kabati. Sasa alikuwa anashona miavuli, na mvua isiponyesha halali vizuri.

Sufuria ikamtoka mikononi. Mchanga ukamwagika kwenye miguu yake na hakuukung'uta. Akasugua ya pili, ya tatu, ya nne, kwa pupa, mpaka vidole vikachubuka. Zote. Zote zilikuwa zake. Na ndani zilikuwa safi, hazikuwahi kupikiwa hata chai.

Akaondoka mbio, mguu mmoja kandambili ya kijani na mwingine nyekundu.

"Mama Taa, mali ikishauzwa hairudi," Bei Moja akamwahi kabla hajafika.

"Sirudishi. Ulizinunua kwa nani?"

"Hiyo ni siri ya biashara."

"Nitakuvunjia hilo duka kwa nyundo hii hii."

Bei Moja akatazama nyundo. Mama Taa hakuwa na habari kwamba ameibeba.

"Pole pole, mama yangu. Nilichukua mzigo mzima kwenye nyumba moja, nyuma ya kiwanda cha sabuni, geti la bluu. Binti anauza vitu vya mama yake. Mama mwenyewe yuko hospitali ya macho, akitoka anahamia kwa mdogo wake. Hizo sufuria zilikuwa uvunguni, zimefungwa kwenye shuka. Hata yule binti alishangaa. Anasema mama yake miaka yote anapikia sufuria ya kuvuja, kumbe mpya amezilalia."

Geti la bluu Mama Taa alilipaka mwenyewe, sikukuu iliyopita.

Akakaa chini, juu ya rundo la mifuniko isiyo na sufuria. Bei Moja akamwuliza kama anataka maji, akamwuliza tena, akaenda kuyaleta. Mama Taa alikuwa hamsikii. Alikuwa anaona mchana mmoja wa zamani. Mwanawe ana homa, shule imemwita, na pale jikoni dada yake anaosha vyombo, kibarua cha miezi miwili alichomwombea yeye mwenyewe kwa mkuu wa jiko. Bwana Funguo amemwachia Mama Taa ufunguo wa stoo kwa sababu anamwamini. Na yeye anauvua ufunguo shingoni, anamkabidhi dada: "Nifungie, dada, nakimbia." Kitu kidogo namna hiyo. Alipoulizwa na wakubwa hakukitaja. Hata hakukikumbuka, maana kumpa dada yake ufunguo kulikuwa sawa na kuutoa mkono wa kulia na kuutia wa kushoto.

Na nani aliyemlisha alipofukuzwa? Dada. Nani aliyemlipia mwanawe ada, miaka mitatu, kwa kufua nguo za watu? Dada. Nani aliyemshika bega msibani kwa mumewe? Mama Taa akatafuta ndani yake hasira, apate kuishika, akakuta butwaa tupu. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Hizi zilikuwa miaka kumi na tisa, na kila siku mwizi alikuwa akimwuliza, "Umekula, mdogo wangu?"

Kurudi nyumbani hapakuwa na njia isipokuwa mbele ya meza ya miavuli. Bwana Funguo alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa, kama alivyoitoa kila siku.

"Habari za mchana, dada?"

Mtu yule alimzidi miaka kumi na mitano. Kwa adabu, yeye ndiye aliyestahili kuamkiwa, na mdogo ndiye wa kuanza. Kwa miaka kumi na tisa mkubwa alikuwa anamtangulia mdogo, na mdogo anageuza uso au anatema mate. Siku hiyo hakutema. Akapita na kandambili zake za rangi mbili. Nyuma yake akasikia mzee akirudisha sindano kwenye kitambaa.

Usiku ule hakulala, na sababu tumekwisha kuiona. Akinyamaza, dada yake atakaa kwa amani mpaka afe, na yule mzee atakufa mwizi. Akisema, atampoteza mtu pekee wa tumbo moja aliyebaki naye, tena kipofu, tena asiye na pa kwenda, maana nyumba ya geti la bluu ilikwisha kukabidhiwa kwa mwenye nyumba. Kulipokucha alikuwa hajaamua. Akafanya anachokijua. Alijaza mchanga, akashindilia, akatoboa. Safari hii hakutoboa katikati. Waya aliupitisha pembeni ya kitako, ili alama ibaki nzima.

Dada alifika Jumamosi jioni, ameshikwa mkono na binti yake, na sanduku moja. Binti alikuwa na haraka ya kurudisha gari la watu, akamkabidhi mama yake, akaondoka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekula?"

Mama Taa akalipokea sanduku. Akabonyeza swichi. Jua lilikuwa linazama, na taa kumi na moja zikawaka pamoja. Kibaraza kizima kikajaa vitone vya mwanga, ukutani, sakafuni, kwenye gauni la dada. Dada akacheka kama mtoto.

"Naona! Wallahi naona! Hizi ngazi naziona!"

Akashika mkono wa ngazi, akapanda ya kwanza. Kiganja chake kikagusa taa iliyoning'inia pale. Akapanda ya pili, akagusa nyingine. Kwenye ya tatu, ile iliyomeguka, alisimama, akaishika taa kwa mikono miwili apate mahali pa kujiegemeza. Kidole gumba kikapita juu ya kitako. Kikarudi. Kikapita tena, taratibu, nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu, mstari.

Kicheko kilizimika usoni mwake kama mshumaa uliopulizwa. Mama Taa alikuwa ngazi ya juu, anamtazama, na moyo wake ulikuwa unamwomba dada huyu aseme lolote, aseme tu: sufuria gani hizi, mdogo wangu, umezipata wapi? Angelipokea. Wallahi angelipokea uongo wowote.

"Zilikuwa kumi na mbili," dada akasema.

"Ziko kumi na moja," Mama Taa akajibu. Sauti hakuitambua kuwa yake.

"Moja niliuza. Nilitaka kufungua kibanda cha chakula, nikasema nikipata nitarudisha. Nikauza moja. Kesho yake wakakufukuza." Alikuwa bado ameishika ile taa, balbu inamchoma vidole, na hakuiachia. "Sikuweza kuuza nyingine. Kuzirudisha sikuweza. Kuzitupa sikuweza. Nimezilalia, mdogo wangu. Kila siku nilisema kesho nitakwambia."

"Toa mkono, unaungua."

"Acha uungue."

Mama Taa akashuka ngazi mbili, akambandua vidole kimoja kimoja. Viganja vilikuwa vyekundu. Akavipuliza, kama dada alivyokuwa akivipuliza vyake zamani, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, ya hasira na ya huruma pamoja, asiweze kuyatenganisha.

"Kazi yangu nimekusamehe," akasema. "Ile ni yetu mimi na wewe. Lakini kuna mtu hapa mtaani nimemtafuna nyama miaka kumi na tisa. Nilimfungia meza. Nilimtemea mate. Huyo msamaha wake mimi sina."

"Yule wa stoo?" Dada akauliza. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Anapita hapa kila jioni saa hizi hizi, akifunga kazi."

Dada akapapasa mpaka akaupata mkono wa mdogo wake. "Nishushe," akasema. "Nisimame chini. Nisimwambie nikiwa juu yake."

Wakashuka. Wakasimama mbele ya ngazi, wawili, wameshikana mikono, na vitone vya mwanga vimewajaa mgongoni. Mwisho wa mtaa akatokea Bwana Funguo, miavuli kwapani, anatembea pembeni kabisa mwa njia, mahali pa mtu aliyezoea kutopishwa. Alipofika mbele ya kibaraza akapunguza mwendo, kama kawaida, akafungua mdomo atoe salamu yake isiyojibiwa.

Mama Taa akamwahi.

"Shikamoo, kaka."

Bwana Funguo akasimama. Akageuka kutazama nyuma yake, aone anayeamkiwa ni nani.