Siku Dada Alipoponda Makumbi

Leo jirani kafukua makumbi ya nazi aliyoyaozesha topeni, apate kusokota kamba. Wajukuu wakaziba pua. Nikawafokea, "Acheni udeko!" Mimi uvundo ule nikiusikia, moyo hunidunda kwa furaha.

Zamani, nikiwa mdogo, dada yangu alivunja ungo, akawekwa ndani asionekane na watu. Huko akanyamaza kabisa, hali chakula, anajikwaruza mikono mpaka damu. Watu wakasema ana shetani.

"Shetani gani? Mtoto ana huzuni," akasema shangazi. Akamtoa nje uani mchana kweupe, watu na waseme, akamketisha mbele ya makumbi yaliyooza, akampa rungu. "Mikono yako iache. Ponda haya."

Dada akaponda moja, kivivu. Akaponda tena. Maji meusi yakaturukia usoni, yananuka hayo! Nikaruka juu, "Ponda, dada, ponda!" Akaponda huku analia, huku anatukana, makumbi yakawa nyuzi tupu.

"Shangazi," akasema akihema, "kuna kitu kinaniuma kifuani, sikijui jina."

Jamani, kasema! Nikataka kukimbia niwaambie wote. Shangazi akanivuta kanga, akaketi palepale kwenye tope.

"Hata mimi sikijui, mwanangu. Nieleze kinavyouma. Siendi popote."