Wanajeshi wastaafu walioingia kwetu bila hodi na kuanza kubeba vitu vya kaka yangu

Wakuu, salaam kutoka Lubumbashi.

Nianze na jambo nililolikana kwa muda mrefu, mbele ya ndugu, mbele ya padri, hata mbele ya daktari, niliyemwambia ni ajali: kaka yangu alitaka kufa.

Alijaribu kujiua, akaokolewa. Namna sitaieleza, haimsaidii mtu.

Walioniuliza kwa nini amelazwa niliwajibu malaria. Malaria ilipodumu kupita kiasi, nikasema presha. Mimi, mwanamke mwenye shahada, ninayeishi kwa kuandika makala kuhusu ukweli katika jamii, nilikuwa nabadilisha magonjwa kama mtu anayebadilisha mashati.

Haya yametokea kweli, nyumbani kwetu. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Watu wakisema nitawaacha waseme Kiswahili chetu cha huku, kwa hiyo ndugu wa pwani wekeni kalamu nyekundu pembeni.

Kaka nimwite Stani. Huku ndugu mkubwa tunamwita yaya. Yaya Stani alikuwa mwanajeshi, cheo cha adjudant. Alipotoka vitani mashariki na kustaafu alihamia chumba cha uani, katika nyumba tuliyoachiwa na baba, Mluba, mzee wa reli.

Kila asubuhi alipiga shati pasi, akang'arisha viatu, kisha akakaa kwenye kiti chake cha mbao uani na kutokwenda popote.

Baada ya hospitali alikoma pia kuzungumza. Nikimpelekea bukari, ugali wetu, anasema asante. Nikichukua sahani anasema asante. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu.

Sasa ndipo walipokuja.

Ilikuwa kiangazi, ambacho huku huja na baridi ya asubuhi, vumbi jekundu limejaa barabarani. Geti likasukumwa bila hodi. Wanaume watatu wa makamo wakanipita kama mimi ni nguo kwenye kamba. Aliyetangulia alikuwa mrefu, kofia ya sala kichwani. Akaelekea moja kwa moja uani, akapaza sauti:

"We Muluba! Ungali muzima? Shiye tulikuya kukula kilio yako. Chakula iko wapi?"

Wakuu, nilishika ukuta.

Huku kilio ni matanga. Mtu ametoka hospitali juzi tu kwa sababu ile, halafu mgeni anamwambia amekuja kula matanga yake!

Nikakimbia uani nikiwa tayari kupigana. Nikamkuta yaya ameinua uso.

"Kilio yangu hailishe bala-muchele," akasema, yaani walaji wa wali. "Mukakule kwenu Maniema."

Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizosikia kwake tangu alazwe.

Wakatukanana mpaka chai ikapoa. Walipoondoka, yule mrefu, Saidi, alikuwa na jogoo wetu kwapani.

"Jogoo ya nani hiyo?" nikauliza.

"Ya mutani wangu, mama. Mutani haombe ruhusa."

Kwa wasiojua: mtani wako ana haki ya kukutukana na kuchukua kitu nyumbani mwako, na wewe huruhusiwi kununa. Siku ya msiba yeye ndiye anayefanya kazi ngumu na kuwachekesha wafiwa. Hilo mnalijua hata huko kwenu.

Ila kuna kitu Saidi hakujua. Chuo kikuu niliandika tasnifu yangu juu ya utani wa koo. Nilikaa vijijini kaskazini, nikaumwa na kila mdudu, nikarudi na kurasa ambazo zimesomwa na watu wawili, mmoja wao mama yangu. Na ninajua hakika kwamba ukoo wetu hauna utani na watu wa Maniema.

Yaani huyu mtu alikuwa tapeli.

Nikaanza kuchunguza. Jirani akaniambia Saidi huonekana mara kwa mara akipanda gari la Kasumbalesa. Mpakani! Hapo nikaelewa vitu vyetu vinakokwenda. Au labda ni kanisa jipya? Lakini alikuwa Mwislamu. Au, na hili ndilo lililoninyima raha, labda wanakusanya wanajeshi wa zamani ili kuwapeleka porini. Huku kwetu hilo si jambo la kuchekea.

Siku nyingine Saidi akanikuta nimesimama getini, akaniuliza kwa upole:

"Mama prof, yaya yako aliugua nini?"

"Malaria."

Akaniangalia. "Malaria."

"Ndiyo. Na wewe, utani wako na sisi umetoka ukoo gani?"

"Ee mama prof," akacheka, "utani nayo inaomba karatasi?"

Hakujibu swali langu. Nikaliweka akilini kama ushahidi.

Walirudi karibu kila siku, kwa zamu. Wakachukua redio iliyokufa. Wakachukua kofia ya mvua. Wakachukua kile kiti cha mbao, ikabidi yaya awe anatembea hadi kwa wenzake akitaka kukaa vizuri. Kisha asubuhi moja nikaona wanafunga kwenye baiskeli sanduku lake la bati la jeshini, lile ambalo hakuruhusu mtu aliguse tangu arudi.

Nikamfuata yaya. "Unawaachia hadi sanduku?"

"Mutani hanyimwe kintu," akajibu, na akafunga mlango. Nikaona macho yake yana maji, nikajua anaibiwa na anaona haya kusema.

Hivyo ndivyo nilivyojua, wakuu. Kwa uhakika wote wa shahada yangu.

Nikanunua kufuli kubwa. Ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na msalaba. Saidi alipokuja nikamwambia kupitia tundu la geti kwamba asirudi tena, la sivyo nitapeleka habari kwa mkuu wa mtaa. Yaya nikamwambia rafiki zake wamesafiri.

Akasema asante.

Shati hakupiga pasi tena. Niliona. Nikasema ni umeme, si unajua umeme wetu.

Jumamosi hiyo, sokoni, mwanamke mmoja akanishika mkono kwenye meza za sombe, yaani kisamvu. Akajitambulisha kuwa Mama Feza, mjane wa mwanajeshi.

"Mama, fungula mulango," akasema.

Nikamwambia kila mpango wa wizi una mjane wake. Sijivunii sentensi hiyo, ingawa wakati ule niliiona nzuri sana.

Hakukasirika. Akasema mume wake aliheshimiwa na watu wote. Alipostaafu akajifungia chumbani, na kwa heshima hiyo hiyo hakuna aliyethubutu kuingia.

"Bantu yote balikuwa banabisha hodi, mama. Hodi, hodi, chef. Anajibu, niko muzima. Banarudi. Mpaka siku moja hakujibu."

Baada ya hapo yeye, Saidi na wengine wachache wakakubaliana. Askari hapendi kutembelewa kama mgonjwa. Ukimwambia umekuja kumlinda, anakufukuza. Ila mtani hafukuzwi. Kwa hiyo wakajifanya watani wao kwa wao, Mluba na mtu wa Maniema, Mbemba na Mkasai, bila kuuliza ukoo.

"Basi ni utani wa uongo," nikasema.

"Ni ya uongo kabisa, mama."

"Na vitu?"

Akashusha sauti. Mtu aliyejaribu mara moja, akasema, nyumbani mwake hapaswi kubaki na vile vitu ambavyo saa mbaya inaweza kuvitumia. Lakini ukivichukua hivyo tu unamvua nguo. Kwa hiyo unachukua na jogoo. Unachukua na redio mbovu. Unafanya vurugu, yeye anatukana, na katikati ya matusi anakusukumia mwenyewe lile sanduku.

"Sanduku iko kwangu. Saidi anafanya kazi ku douane, kule Kasumbalesa, hana nafasi ya kuchunga bintu. Kuya uangalie. Njo jogoo tu haitarudia, tulimukula."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Saidi alikuuliza, mama. Ukasema malaria."

Ungetegemea nilifungua geti jioni ile ile. Hapana. Nilimwambia nitafikiria. Nilirudi na sombe langu nikitafuta tundu katika hadithi yake: ile ya douane, yaani forodha, ilikuwa imekaa vizuri mno, na mtu mkweli hufichaje jambo kwa mzaha? Mtu aliyezoea kudanganya kila siku anakuwa fundi wa kunusa uongo hata usipokuwepo.

Wakuu, funzo naliweka hapa, kwa sababu nikishafika mwisho sitakuwa na la kuongeza.

Ukiona mtu wako amechoka kuishi, muulize, kwa neno lenyewe. Neno hilo halimpi mtu wazo la kufa. Ukimya wangu ndio uliomwacha peke yake nalo. Usimpe ugonjwa wa kisingizio, maana ukiwadanganya watu kuhusu ugonjwa unawafukuza wale wanaojua dawa. Hospitali ni muhimu, na yule daktari niliyemdanganya nimekwenda kumwomba radhi. Lakini daktari hawezi kuja kila asubuhi kukutukana.

Na wewe unayesoma ukiwa katika saa hiyo mbaya: mwambie mtu mmoja leo, hata awe mkorofi.

Nyie wa Tanga, Kigoma, Mombasa, kwenu watani wana kazi gani kwa mtu ambaye bado yuko hai? Andikeni hapo chini, nitasoma yote. Na kama mnaona nilikuwa na haki ya kushuku, semeni pia, nimeshazoea kutukanwa.

Sasa mwisho.

Ni kesho yake, Jumapili, baada ya misa. Nilikuwa sebuleni naandika makala kuhusu ujirani mwema, msicheke. Simu ikaita. Namba ngeni.

"Mama prof. Ni Saidi. Niko ku mulango yako. Fungula."

"Nilikuambia usi..."

"Stani alinipigia simu sasa hivi. Anasema leo iko mubaya. Anasema eko peke yake."

"Peke yake? Mimi niko hapa hapa!"

"Njo vile alisema, mama."

Kutoka kiti changu hadi mlango wa yaya ni uani tu. Alikuwa amempigia simu mtu wa barabara ya pili.

Sijui nilifikaje getini. Mnyororo wa msalaba ulikatika shingoni nikihangaika na ufunguo. Saidi akanipita bila salamu, simu ingali sikioni mwake, na yangu sikioni mwangu, maana hakuna aliyekumbuka kukata. Akapiga kelele kuelekea uani:

"We Muluba muvivu! Nani alikupa ruhusa ya kuchoka?"

Nikabaki nimeshikilia geti. Jibu la kaka yangu nililisikia kwenye simu, kutoka mbali kidogo, likiwa na makohozi ya mtu aliyekuwa akilia.

"Umechelewa, mula-muchele. Ingia."