Mti wa Maziwa kwenye Bunduki ya Shangazi

Bunduki ya shangazi yangu Verediana ilinukia mafuta ya ng'ombe. Hata leo, harufu hiyo ikinikuta sokoni, namwona amefumba jicho moja, ameshika pumzi.

Ilikuwa bunduki ya upepo, ya kulenga karatasi tu. Lakini mwishoni mwa miaka ya tisini, miaka ya vita, hakuna mtu wa kwetu Gisenyi, Rwanda, aliyetaka kuonekana na kitu chenye mtutu, kwa hiyo chuma chake kilikaa Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa binamu yake Kasongo. Huko ndiko shangazi alikofanyia mazoezi Jumapili baada ya misa. Mashindano ya Pasaka yalipokaribia, kitako cha zamani, ule mti unaoegemezwa begani, kilianguka kwenye mawe ya volkano kikapasuka. Akaanza kutafuta mti wa kuchongea kingine.

Kila mtu alikuwa na wake. Baba alisifu mkaratusi. Kasongo alivuka kituo cha mpaka cha Grande Barrière na kipande cha libuyu, mbao nzito ya misitu ya Kongo, chekundu kama chai ya rangi.

"Dada, hii iko muzuri. Iko na uzito."

Shangazi hakubishana. Alivianika vipande vyote juu ya bati, mvua ivipige na jua livichome, kisha akavilaza kwenye kioo cha dirisha aone kilichopinda. Mkaratusi ulijikunja kama sambaza, vidagaa vya ziwa letu, kikaangoni. Libuyu ilitulia. Hata hivyo alichagua umuko, mti mwepesi unaochongewa vyombo vya maziwa, akaupaka mafuta kama chombo chenyewe. Kwetu chombo chepesi ndicho chema.

Alivuka na kitako kipya mgongoni, kimefungwa kwa kitenge kama mtoto. Jioni akarudi nacho, Kasongo nyuma yake. Kwa wepesi wa kitako, bunduki ilikuwa imetikisika kwa kila pumzi.

"We unataka kulenga ao kukamua?" Kasongo alimuuliza.

Shangazi ndiye aliyecheka zaidi. Kesho yake alitoboa kitako kwa nyuma, akakijaza mchanga wa ziwani, akakiziba. Nilipokibeba, mikono yangu ilishuka.

Wiki ya mashindano, mpaka ukafungwa. Ulipofunguliwa, Kasongo alikuwa amehama na chuma cha shangazi.

Wakati ule nilimwonea shangazi huruma kwa kukosa mashindano tu. Ukubwani ndipo nilipoelewa: katika mji ambao mlio wa risasi ulitupeleka chini ya vitanda, yeye alichagua mti kwa subira, kwa ajili ya bunduki isiyomtisha mtu. Iwapo mchanga ule ungeituliza, hatukujua kamwe; kitako na chuma havikukutana tena.