Kilo Mbili za Mama Mkwe

Wacha niseme mapema, asije mtu akanihubiria: mimi sisahau. Wengine wamejaliwa roho ya kusamehe, mimi nikajaliwa ya kukumbuka. Na wiki ile nilipokuwa napanga sanduku la kwenda Uingereza kuchuma stroberi kwa miezi sita, nilikumbuka kila kitu.

Sanduku nililipata sokoni Busia, upande wa Kenya, la mtumba, zipu nzima, gurudumu moja likipiga kelele. Ndege iliruhusu kilo ishirini na tatu. Sasa, kwetu Masaba, upande wa Uganda, mizani iko kwa mnunuzi wa mahindi, ile ya kuning'iniza, na sote tunaijua ilivyo. Inapunguza, maana mwenyewe ndiye anayenunua. Kwa hiyo nilikwenda na paketi mbili za sukari, za kilo moja moja, nikazitundika kwanza mbele yake. Ikasoma kilo moja na nusu. Yeye akacheka, mimi nikacheka, kisha nikatundika sanduku na kufanya hesabu yangu mwenyewe. Zilikuwa zimebaki kilo nne za kweli.

Kwetu ikisikika kwamba unasafiri, sanduku si lako tena. Jirani huyu ana dada huko, anakuletea dagaa. Yule ana mtoto wa kaka, anakuletea karanga za kusaga. Unapokea, unasema asante, usiku unawaza utoe nini. Nilikuwa nimeshawapokea watatu wa namna hiyo wakati bodaboda moja iliposimama kwenye geti la kaka yangu, akashuka mama mkwe wangu. Wa zamani, niseme. Alitoka Tororo na kifurushi mapajani.

Ala! Miaka mitatu sikuwa nimemwona mwanamke huyo.

Niwaeleze alichonifanyia. Mimi na mwanawe hatukujaliwa mtoto, na mwanawe alipoleta mwanamke mwingine, mama mkwe ndiye aliyenitoa. Hakunitoa kimyakimya. Alivitandaza vitu vyangu vyote getini, majirani wamejaa, akaanza kuchambua kimoja kimoja. "Sufuria hii ya kwetu. Blanketi hii ya mtoto yangu. Hii ya kwetu." Nilichobakishiwa kilikuwa nguo, akazishindilia kwenye mfuko mtupu wa saruji na kunipakiza bodaboda. Tukapatwa na mvua kabla ya kufika nusu ya njia. Anayeijua saruji anajua kilichotokea. Blauzi yangu nyeupe ya kanisani niliitoa mfukoni imekauka mikono juu, nikaicheka, halafu nikalia mpaka kaka yangu akatoka nje.

Na gomesi yangu haikuwemo. Gomesi ya kijani, vazi letu la heshima, mabega yake yamesimama, mshipi wa kung'aa, aliyonishonea mama yangu nikiwa natoka kwetu kwenda kuolewa. Mama sasa hayupo. Hakuna mwingine wa kunishonea ile. Nilimpigia mama mkwe simu mara nyingi. "Bado sijaona," ananiambia. "Natafuta." Mwaka wa kwanza, bado. Mwaka wa pili, bado. Halafu shoga yangu wa Tororo akanitumia picha ya harusi, na nani huyo amekaa kiti cha mbele, amejaa ndani ya kijani changu?

Basi siku hiyo nikatoka ndani, nikapiga magoti nikamsalimia vizuri. Adabu zangu hazina kasoro. Nikamletea kiti na maji. Mdomo wangu unatabasamu, moyoni nasema leo umekuja mwenyewe.

Shida yake ilikuwa kitinda mimba wake. Yuko Uingereza miaka sita, na miaka miwili sasa hapokei simu wala hapigi. Alikuwa amesikia sokoni kwamba ninakwenda huko. Mimi ni Msamia, yeye ni Japadhola, na tangu mwanzo tuliongea Kiswahili tu, tena chake cha kukatakata.

"Mwanangu, wewe nakwenda. Mimi naomba bebea yeye hii."

"Mama, ndege ina masharti. Fungua tuone."

Majirani walikuwa wameshasogea kwenye ua. Nikatandaza mkeka katikati na kukaa. Akafungua, nikaanza kuchambua kimoja kimoja, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi barabarani. Unga wa wimbi na muhogo, kilo tatu hivi. "Huu hauingii." Simsim ya kusaga. "Hii hairuhusiwi." Samaki wa moshi, amefungwa vizuri kwa majani makavu. "Hawa wananuka." Ningeweza kubeba vingi kati ya vile. Nafasi nilikuwa nayo, nimewaambia. Nilimwambia zimebaki kilo mbili, nikaburuta sanduku nje, na hizo mbili nazo nikazijaza mbele ya macho yake kwa taulo langu kuukuu na viatu vya shamba. Roho yangu ilisuuzika, siwezi kuwadanganya. Nilimwangalia usoni nikingoja aone kwamba ni geti lile lile, na aliona. Kuna jirani alikohoa, mwingine akaondoka.

Alikusanya vitu vyake taratibu, kisha akatoa kwenye Biblia yake karatasi yenye anwani, imechakaa kwenye mikunjo.

"Chakula wacha," akasema. "Karatasi haina kilo. Wewe ona yeye na macho tu. Kama nakufa, mimi najua. Kama iko, mimi najua."

Nikaichukua. Nilipomuuliza gomesi, akatazama chini. "Bado sijaona."

Haya basi. Tumeelewana.

Uingereza sina mengi ya kusema. Mgongo uliuma, stroberi zilikuwa nyingi, mvua yao haina haya. Mwezi wa tatu nikapata Jumapili ya mapumziko, nikapanda treni saa mbili nzima, karatasi mkononi. Mlango ulifunguliwa na yeye mwenyewe, kitinda mimba, amenenepa, mtoto wa kike begani. Alinitambua akaanza kulia papo hapo mlangoni. Alikuwa ameahidi kumjengea mama yake nyumba, mambo yakamwendea kombo, akaona aibu, na kila mwezi uliopita aibu ikazidi. Yule mtoto amempa jina la mama yake. Alinipa picha ya mtoto ndani ya bahasha. "Shemeji, mpelekee kwa mkono wako. Unipigie magoti. Nikisikia amenisamehe, nitapiga simu." Nikanywa chai yake, nikambeba mtoto, ana paji la uso la bibi yake kabisa. Nikarudi shambani.

Jumapili iliyofuata simu ikaita. Mama mkwe alikuwa anapiga kila Jumapili baada ya kanisa.

"Umeona yeye?"

"Bado, mama. Natafuta."

Nilijua ni dhambi. Neno hilo nililisema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile aliyonisemea mimi, na kila Jumapili nikalisema tena. Miezi miwili na ushee. Nilikuwa nasikia anavyovuta pumzi kabla ya kuuliza, na nilikuwa naisubiri pumzi ile tangu Jumamosi.

Zilipobaki wiki mbili nirudi nyumbani nilianza kupanga sanduku tena. Bahasha nikaiweka katikati ya nguo, isikunjike. Simu ikaita nikiwa nimepiga magoti sakafuni.

"Umeona yeye?"

"Na wewe, mama, gomesi yangu umeiona?"

Nikasikia analia kwa chini, kilio cha mtu mzima asiyetaka wa nyumbani wamsikie.

"Iko," akasema. "Mimi navaa. Hata leo mimi navaa kanisani. Nzuri sana. Mimi nashindwa kurudisha."

Miaka mitatu nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hiyo, na yote yakanipotea. Nikatupia soksi sandukuni.

"Ifue," nikamwambia. "Ipige pasi. Uje nayo Masaba siku nitakayofika, unipe getini, watu wakiwepo. Na usiitie kwenye mfuko wa saruji."

"Nakuja. Na mtoto yangu? Wewe naona yeye?"

Bahasha ilikuwa mbele yangu. Neno moja tu lilitosha, na lilikuwa mdomoni.

"Ukija na gomesi," nikasema, "siku hiyo nitakuwa nimemwona."

Nikakata simu, nikamalizia kufunga sanduku. Jumapili iliyofuata alipiga mara tisa, sikupokea.